Ndoo ya Mwani Mwekundu, Kutoka kwa Dada Mpaka Upanga na Kurudi

Jamaa zangu wa kahawa pale Mtaa wa Sikukuu, mmeniuliza sana kuhusu ile ndoo, na kila mmoja ameshajitungia jibu lake. Mmoja anasema nilikamatwa Feri na dawa za kienyeji. Mwingine anasema nimeoa mama wa Kihindi Upanga. Sasa naandika mwenyewe, mimi Athumani, darasa la nne la kukaa chini kwenye mavumbi, mwenye duka la kamba na nyavu ambalo ninyi mnakaa barazani kwake mkinywa kahawa na kunizuilia wateja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na asiyeamini akaulize kwa dada yangu.

Kwa dada, ndoo inajazwa

Ng'ambo, mbele sana ya Kigamboni, lami inapokwisha na mchanga kuanza, ndiko anakoishi dada yangu Zuhura. Ni mkubwa wangu, tumbo moja, na ndiye mtu pekee ninayemwamkia shikamoo bila kwanza kuangalia ana faida gani kwangu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani. Wanafunga vitawi vya mwani kwenye kamba, kamba wanazitandaza kwenye vigingi baharini, ukikua wanavuna, wanaanika, wanauza. Kamba ni zangu, kwa hiyo kilimo kile nakihesabu nusu ni kazi yangu, ingawa sijawahi kulowa hata kifundo cha mguu.

Aliniita kwa sababu kwenye kamba zao kumeota kitu. Ni mwani, lakini siyo wao. Mwekundu wa damu ya mzee, mwembamba kama uzi, umejisokota juu ya ule wanaolima mpaka huoni wa chini. Picha alishanitumia kwenye simu nami nikazisambaza kwa kila msomi ninayemjua. Mmoja akajibu ni utumbo wa kuku. Mwingine akaniuliza nani amepata ajali.

"Bi Mtumwa anasema ni mbegu mpya," dada alinieleza tukiwa tumekaa uani kwake. Bi Mtumwa ni yule mama mwenye sauti aliyeutaka uenyekiti na kuukosa. "Anasema inaota upesi kuliko yetu, haihitaji kufungwa, ni neema imekuja yenyewe. Anataka bamvua hii tuipande mashamba yote."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimewazuia. Nimewaambia siijui, na mdogo wangu wa Kariakoo anajua watu, ataleta jibu. Usipoleta watapanda, Athumani. Ikiwa ni nzuri, mimi nitakuwa mwenyekiti mjinga. Ikiwa ni mbaya, hatutakuwa na shamba la kuwa mwenyekiti wake."

Bamvua, kwa ninyi ambao bahari mnaiona kwenye kalenda, ni siku zile maji yanapokupwa mbali hadi watu wanafika mashambani kwa miguu. Ndizo siku za kupanda. Zilikuwa zimeshatukaribia.

Dada akajaza ndoo maji ya bahari, akatumbukiza fungu la ule mwekundu pamoja na kipande cha kamba ulichokishika, matope, na vitawi vya mwani wao ulivyovikaba.

"Upeleke hivi hivi," akasema.

"Dada, mimi mtu wa mali. Unanifundisha kubeba sampuli?"

"Nakufundisha kusikia."

Kivukoni, napewa nafasi ya kukaa

Bodaboda wa kijijini alikuwa na haraka na barabara ilikuwa na mashimo, kwa hiyo tulipofika kivukoni mfuniko wa ndoo ulikuwa umebaki njiani. Nikaingia kwenye pantoni na ndoo wazi. Mnajua hali ya pantoni ya jioni, mtu anapumua hewa iliyokwisha kutumiwa na mwenzake. Meli kubwa ilikuwa inaingia bandarini, tukaambiwa tusubiri ipite, na ilipita kama bibi harusi.

Mama mmoja aliyesimama karibu yangu akachungulia ndani. Akaona nyuzi nyekundu zinaelea.

"Baba, hizo nywele za nani?"

"Siyo nywele, mama. Ni mwani."

"Mwani," akarudia, kama mtu aliyeambiwa uongo msikitini. Akasogea. Aliyekuwa nyuma yake akaona, naye akasogea. Kabla meli haijamaliza kupita, nilikuwa nimezungukwa na uwazi wa kutosha kuswalia. Watu wameshonana ukutani kama dagaa na mimi nimekaa kwenye benchi peke yangu na ndoo yangu, miguu nimeinyoosha. Viongozi wanavuka na ving'ora hawapati heshima ile.

Kijana mmoja wa tai na viatu vilivyong'arishwa akajikaza, akaja kuinama sikioni kwangu. "Shikamoo mzee. Unapatikana wapi? Kuna bosi mmoja ofisini ananibania."

Nikamwambia mimi sifanyi kazi hizo. Akasema anaelewa, wote huwa wanasema hivyo. Hakuniachia mpaka nilipompa namba ya simu. Nilimpa ya Mangi, jirani yangu muuza mabomba. Mangi, zile simu za watu wenye shida za ofisini zinazokukatiza chakula mchana, sasa unajua zilikotoka. Na nasikia mmoja umemshauri akapanda cheo.

Magogoni nikapita soko la samaki kutafuta supu ya pweza, maana njaa haiangalii sayansi. Wakaanga samaki wakaizunguka ndoo. Huyu akasema unaliwa, kwao Mafia wanautia nazi. Yule akasema ni sumu, kwao Mafia paka alikufa. Walikuwa ndugu wa nyumba moja. Mkaangaji mkubwa akautumbukiza kidogo kwenye mafuta, akatafuna, akatafakari kama jaji, akatoa hukumu: "Hauna ladha, lakini una chumvi." Nikaondoka na elimu hiyo.

Kariakoo, mali inatengenezwa

Nilipofika dukani, Mama Leila aliniona kabla sijaweka ndoo chini. Mnamjua, anauza vipodozi mkabala na mimi na macho yake yanaona mteja kabla mteja hajatoka kwao.

"Athu, huo si ndio mwani wa urembo? Masista wa mjini wanaupaka usoni. Nigawie fungu."

"Huu wa serikali," nikamdanganya. "Unaenda kupimwa na madaktari."

Akaingiza kidole, akavuta, akakunja uso. "Unaenda kwa madaktari hivi? Una matope, una kamba, una takataka za kila namna. Wewe ungekuwa mteja ungenunua?"

Sasa hapo, jamaa zangu, aligusa mahali pabaya. Mimi nimeanza mji huu nikiuza kamba za viatu mkononi, nimefika hapa kwa sababu moja: mteja wangu hajawahi kuona mali chafu. Nyanya nzuri zinakaa juu, kitambaa kinapigwa brashi, kamba inafutwa vumbi kabla ya kukatwa. Ndivyo sokoni kwetu kunavyoenda na ndivyo mtu anavyoheshimika. Nikapeleke matope kwa wasomi waseme watu wa Kariakoo ndio hawa?

Nikafungua bomba. Nikauosha mpaka maji yakatoka meupe. Nikatoa kamba, nikatoa vile vitawi vya mwani wa dada, nikabakiza mwekundu mtupu. Ulikuwa na vijincha vilivyojikunja kama ndoana, vinanasa kwenye vidole na kwenye shati, vinaudhi. Nikachukua mkasi nikavipunguza vyote, kimoja kimoja. Nikaulaza kwenye kontena jipya la plastiki, mfuniko wa kubana, nywele zote zimelala upande mmoja. Mama Leila mwenyewe aliuliza bei. Ningeuweka kioo cha mbele, ungeondoka.

Asubuhi rangi ilikuwa imefifia kidogo na maji ya chini yamekuwa ya pinki. Nikaona ni kawaida, hata kanga mpya huchuja.

Posta, ghorofa kwa ghorofa

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ina viyoyozi vinavyofanya kazi kuliko watu.

Ghorofa ya kwanza, kijana mwenye kitambulisho shingoni akaangalia kontena bila kuligusa. "Ni mnyama au mmea?"

"Nimekuja kuwauliza ninyi."

"Mzee, sisi hapa ni samaki. Kama siyo samaki, panda juu."

Juu nikamkuta mama mmoja mpole sana. Akasema kweli wao ni mimea, lakini ya nchi kavu. Nikamuuliza, mmea ukiota ndani ya maji ni kosa la nani? Akacheka, akanipa biskuti, akanielekeza juu zaidi. Hapo mlango ulikuwa umefungwa. Jirani wa mlango, katibu muhtasi anayekula mihogo kwenye bahasha, akaniambia mhusika wa mambo ya baharini yupo semina.

"Semina ya nini?"

"Ya wageni wavamizi wa baharini."

"Ndicho hiki nimebeba. Semina ipo wapi, nimfuate?"

"Arusha."

Arusha, jamaa zangu. Mahali ambapo bahari inafika ikiwa ndani ya pakiti ya chumvi. Nikakaa kwenye kiti nikauliza atarudi lini, nikaambiwa wakishamaliza kutembelea mbuga. Na bamvua ilikuwa inaanza kesho yake.

Nadhani yule katibu muhtasi aliniona uso. Akafuta vidole. "Hawa wote wamefundishwa na mtu mmoja," akasema. "Amestaafu, anakaa Upanga. Daktari Shirin. Nitampigia kuwa unakuja, ila usimwambie walivyokujibu, ana presha."

Upanga, maiti aliyeoshwa

Bajaji ikaniacha mbele ya ghorofa nililoelekezwa. Nikabisha mlango wa chini. Babu wa Kihindi akafungua, akaona kontena, uso ukamchanua.

"Achari imefika. Umechelewa, wiki nzima nakula chapati kavu."

Kabla sijapanga maneno, kontena lilikuwa mezani kwake na kijiko kimeingia. Nilimkamata mkono kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Ikawa kelele. Aliniita mwizi wa achari, mimi nikamwita babu, heshima yote, huku nimeng'ang'ania kontena. Kelele zikafika juu, na sauti ya mwanamke ikashuka kwenye ngazi: "Baba Karim, mwache mgeni wangu. Achari yako iko kwangu, walikosea mlango."

Huyo ndiye Daktari Shirin. Mtu wa makamo yaliyopita, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani, Kiswahili chake cha Upanga hasa, cha kuzaliwa. Akanivulisha viatu, akanipa chai ya maziwa na kachori, na nikamweleza yote: dada, Bi Mtumwa, kamba, bamvua. Alisikiliza vizuri. Kisha akafungua kontena.

Aliuangalia pande zote. Akainua uzi mmoja kwa koleo dogo, ukakatika kama tambi iliyopitiliza.

"Umeuosha," akasema.

"Vizuri sana, Daktari."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba. Safi."

"Ya bomba." Akavaa miwani. "Na ncha zake? Zilikuwa zimenyooka au zimejikunja?"

"Zilijikunja kama ndoana. Nikazikata. Zilikuwa zinanasa nguo."

"Na mwani huu ulikuwa umeshika nini huko ulikotoka?"

"Kamba na mwani wa dada. Hivyo nimevitupa, vilikuwa vinaharibu sura."

Akavua miwani tena. "Bwana Athumani. Umemkata kucha, umemwogesha, umemvalisha sanda, umemlaza vizuri. Sasa umemleta kwangu unaniuliza alikuwa nani."

Nimetukanwa Kariakoo na wataalamu, lakini tusi la utaratibu namna ile sijawahi kulipata. Nilitaka kumjibu. Kachori ilikuwa mdomoni.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha watoto wa wenzake. Mwani mwekundu uko wa aina nyingi, na rangi peke yake haisemi kitu. Wanautambua kwa ncha, kwa namna unavyoshika, kwa kile ulichokishika. Maji ya bomba yanaupasua ndani. Kila nilichokiita uchafu ndicho kilikuwa jibu.

Nikampigia dada palepale, nikaweka simu sauti ya wazi. Nikamwambia sampuli imepata hitilafu. Dada akauliza swali moja tu: "Uliosha?" Nikakohoa. Akasema, "Uliosha," akakata.

Daktari alikuwa amesimama dirishani. "Maji yanakupwa kesho asubuhi," akasema, na hakuwa ameangalia kalenda yoyote. "Uje kunichukua mapema. Tangu nistaafu naangalia paa za watu kutoka hapa. Na usibebe kitu chochote, tafadhali, hata mkasi."

Kurudi kwenye maji

Safari hii pantoni hakuna aliyenipisha. Nilisimama kwapani kwa mtu njia nzima, na Daktari Shirin kapata kiti kwa sababu anafanana na mwalimu wa kila mtu.

Tulipofika, bahari ilikuwa imeshaondoka. Wanawake wote wako mashambani, kanga zimekunjwa magotini, na Bi Mtumwa mbele yao ana beseni limejaa ule mwekundu, umefungwa vizuri kwenye kamba mpya, tayari kutandazwa. Dada Zuhura amesimama kati ya beseni na vigingi. Alikuwa amesimama tu, na maji kidogo yanampita miguuni.

"Mwenyekiti, mdogo wako huyo," akasema Bi Mtumwa. "Kaleta jibu au kaleta mke?"

Daktari aliwaamkia, akavua viatu, akaingia. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri. Alishika kamba ya dada, akauinua ule mwekundu polepole bila kuung'oa, akaweka kioo cha kukuzia, akawaita waangalie mmoja mmoja. Mimi nikaangalia wa mwisho. Ncha kama zile nilizozikata zilikuwa zimezunguka kila tawi la mwani wa dada, moja baada ya nyingine, kama vidole vya mtoto kwenye kanga ya mama yake. Na ndani, penye giza, mwani wa dada ulikuwa mweupe, laini, umeoza.

"Jina lake kamili sitawadanganya," akasema. "Nitauchukua na kila ulichokishika, uende maabara, mjibiwe. Ukoo wake naujua. Huu ni mgeni. Ukikatika, kila kipande kinaota upya."

Bi Mtumwa si mtu wa kushindwa upesi. "Mgeni? Hata huu tunaolima uliletwa na meli. Mama zetu hawakuujua. Mbona huo hamuufukuzi?"

Nikadhani Daktari atakasirika. Alifurahi. "Swali zuri, mama. Ule mnaufunga nyinyi kwenye kamba, na msipoufunga unachukuliwa na maji. Huu haungoji kufungwa. Unajifunga wenyewe, kwa kila kitu, na hauachi." Kisha akauliza, "Mkiutoa kwenye kamba huwa mnautupa wapi?"

Wanawake wakageuka. Walimwangalia dada.

Kwa sababu mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkali wa usafi. Kamba zake ndizo zilikuwa safi kuliko zote. Tangu ule mwekundu uonekane alikuwa anaung'oa, anaukata vipande na kuutupa hapohapo, majini.

"Nimeupanda mimi," akasema dada.

"Umeusafisha," akasema Daktari.

"Ndiyo. Nimeupanda."

Dada alichukua kisu, akaenda kwenye kigingi chake cha kwanza na kukata kamba. Siyo ule mwekundu peke yake, kamba nzima, na mwani wake mzuri uliokuwa umebakiza kidogo kuvunwa. Akaikunja asidondoshe hata uzi, akaitia kwenye gunia, akaenda kwenye ya pili. Msimu wake wote. Hakumwambia mtu afuate. Bi Mtumwa aliangalia kamba tatu zikikatwa, kisha akamwaga beseni lake ndani ya gunia la dada na kwenda kukata za kwake.

Magunia yalipandishwa juu kabisa, mahali maji ya bamvua hayafiki, yakakauke. Aliyeyapandisha ni nani? Ni mimi, mwenye duka Kariakoo, mgongoni, na maji yote ya bahari yananishukia shingoni. Kila nilipopumzika dada alisema, "Usisahau na lile." Kulowa sasa nimelowa.

Maji yalipoanza kurudi tulikaa mchangani tukala mihogo na papa. Pwani ya jirani kuna kikundi kingine wanachobadilishana nacho mbegu, na mbele yake kingine, na kote ilibidi habari zifike kabla hawajapanda. Mwanamke mmoja akashika simu awapigie, akasita.

"Niwaambie wachunge nini? Gugu lenyewe halina jina."

"Jina litatoka maabara," akasema Daktari. "Litachukua muda, na ni la Kilatini."

Bi Mtumwa akatafuna papa wake mpaka mwisho, akanitazama kuanzia suruali iliyolowa hadi kichwani. "Waambie wachunge athumani," akasema. "Linashika kila linachokiona, halina kazi, na ukiliosha linapoteza rangi."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Dada yangu alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akiwa ameegemea gunia lake, na kwa ajili hiyo nililiacha jina lipite.

Kwa hiyo ni kweli mlichosikia kuhusu jina langu. Maabara bado hawajajibu, na pwani yote ile wanawake wanasema leo nimetoa athumani gunia zima, athumani amerudi kwenye kamba ya fulani, mkateni athumani mapema kabla hajazaa. Nimeambiwa jina limeshavuka vijiji kwenda kusini na linakaribia Mkuranga. Chekeni. Ninyi mmekaa barazani kwangu miaka yote hii na majina yenu hayajavuka Msimbazi.